Karuhusiwa saa nne, katoka saa kumi: muda unapotelea wapi?

Swali: Mimi ni muuguzi kiongozi wa wadi ya wanaume katika hospitali ya wilaya, Tanzania. Raundi ya madaktari huisha saa nne asubuhi, na kwa kawaida wagonjwa sita huruhusiwa. Wengi huondoka saa kumi jioni, huku wapya wakisubiri kwenye mabenchi. Uongozi unalaumu dirisha la malipo. Tufanyeje?

Jibu: Sista, wagonjwa sita wakisubiri saa sita kila mmoja, hizo ni saa 36 kwa siku: kitanda kimoja na nusu kinakaliwa na watu ambao wangekuwa kwao.

Kwanza pimeni. Kwa wiki mbili, bandikeni karatasi ndani ya jalada la faili ziandikwe nyakati tano: ruhusa ilipotolewa, muhtasari wa matibabu ulipokamilika, dawa zilipofika, hesabu ilipofungwa, mgonjwa alipotoka. Kila mmoja aandike papo hapo. Karatasi ikijazwa jioni kwa kukumbuka, kila kitu kitasomeka "saa nane kamili" na hamtajua lolote.

Mara nyingi pengo kubwa liko kati ya wakati wa kwanza na wa pili. Daktari anasema "huyu aende nyumbani", raundi inasonga, na wa kuandika muhtasari ni daktari yuleyule wa mafunzo anayeitwa kuchukua damu na kukimbilia dharura. Faili linalala mezani chini ya mengine matano. Famasia na mhasibu wote wanaungoja muhtasari huo. Dirisha hulaumiwa kwa kuwa foleni huonekana pale.

Kwa hiyo kazi ya kesho ianze leo. Saa nane mchana, piteni vitandani na daktari mtaje wanaotarajiwa kutoka kesho. Muhtasari uandikwe jioni hiyo, ibaki nafasi ya kipimo cha mwisho na sahihi. Ndugu waambiwe makadirio ya gharama wanapokuja kuona mgonjwa, waje asubuhi na fedha na nguo. Fomu ya bima ikaguliwe: namba ya kadi, ugonjwa unaolingana na dawa zilizoandikwa, sahihi ya mgonjwa.

Asiye na uwezo aonwe na afisa ustawi wa jamii mapema, ndani ya siku mbili za kulazwa. Msamaha wa malipo ukianza kuombwa siku ya ruhusa, hapo ndipo mtu hukaa siku tatu zaidi bila tiba yoyote, na hilo linaumiza kuliko foleni.

Asubuhi, raundi ianze kwa mahututi, kisha wanaotoka, halafu wengine. Mwongozo wa SAFER, unaotumika katika wadi za hospitali za Uingereza, hulenga theluthi ya wanaotoka waondoke kabla ya adhuhuri. Kwenu ni wawili kati ya sita. Anzeni na hao wawili.

Maelezo ya dawa msiyakimbize. Mgonjwa arudie kwa maneno yake: vidonge vingapi, saa ngapi, dalili zipi zimrudishe. Na mtazameni mikono kabla hajavaa shati la mikono mirefu. Kanula, kile kijibomba cha dripu, husahaulika humo.