Wadogo zangu mnaokuja Columbus: niliyojifunza msimu wa Ohio State wa 2024

Wadogo zangu mnaojiandaa kuja kusoma Columbus, mkifika hapa hamtaulizwa Kilimanjaro wala simba. Mtaulizwa kama mmeshaiona Ohio State, timu ya chuo kikuu cha hapa, ikicheza. Wanasema mpira, ila si huu wetu. Ni ule wa Kimarekani, wa kofia ngumu na mpira wenye umbo la yai. Uwanja wao ulifunguliwa 1922 na unabeba zaidi ya watu 102,000. Wa Mkapa pale Dar unabeba 60,000. Na wanaocheza ni wanafunzi, huenda mmoja mkakaa naye darasa moja.

Madogo nayataja haraka. Jumamosi ya mechi ya nyumbani usipange kuhama chumba wala kwenda kununua godoro, maana barabara za karibu na chuo hazipitiki. Mahitaji ya wiki nunua Ijumaa. Mwenye viza ya mwanafunzi haruhusiwi kuzidisha saa 20 za kazi kwa wiki wakati wa masomo, kwa hiyo ukiombwa kuongeza zamu siku ya mechi, piga hesabu kabla hujakubali. Na kuweni makini na saa. Mimi nilimtafsiria mwenzangu wa zamu "saa sita" neno kwa neno, akaja jioni watu wameshakwenda makwao na vyombo nimeviosha peke yangu.

Sasa nije kwenye lenyewe. Muhula wangu wa kwanza uliendana na msimu wao, Agosti hadi Desemba. Timu ilianza kwa kugawa vipigo: Akron 52-6, Western Michigan 56-0. Na mimi nilianza hivyohivyo, majaribio ya mwanzo ya takwimu nikayafaulu bila jasho, nikajiona mjanja. Oktoba 12 wakaenda Oregon wakafungwa 32-31, na Josh Simmons, aliyekuwa akimkinga mrusha mpira wao upande wa kushoto, akaumia goti, msimu wake ukaishia hapo. Wiki hiyohiyo nikapata mtihani wa katikati ya muhula. Sitaji alama.

Nilichofanya baada ya hapo ndicho nisichotaka mkirudie. Niliongeza muda. Nilikuwa nasoma kwa kunakili daftari upya, kama tulivyozoea kukariri kwa ajili ya mitihani ya taifa, basi nikawa nanakili hadi saa nane za usiku badala ya saa tano. Saa za ofisi za mwalimu, yaani zile za kuwapokea wanafunzi, nilizijua. Zilikuwa zimebandikwa mlangoni kwake, na mimi nilikuwa napita njia nyingine nisikutane naye.

Ikaja Novemba 30, Michigan. Hiyo ndiyo Simba na Yanga ya huku. Michigan mwaka ule walikuwa wa kawaida tu, wameshapoteza mechi tano, na karibu kila mtu aliwapa Ohio State ushindi mnono. Nilikuwa naangalia kwenye runinga ya ukumbi wa bweni. Ohio State walikuwa na vijana wa pembeni wenye mbio za ajabu, Jeremiah Smith wa mwaka wa kwanza na Emeka Egbuka, lakini mara kwa mara mpira ulipelekwa palepale katikati, kwenye ukuta wa Michigan, na mbebaji akaangushwa baada ya hatua mbili tatu. Wanarudia. Anaangushwa tena. Mzee mmoja mfanya usafi, aliyekuwa ameegemea fagio lake, akasema kwani hawaoni? Wakalala 13-10 nyumbani kwao, mara ya nne mfululizo mbele ya Michigan. Watu wakataka kocha Ryan Day afukuzwe siku hiyohiyo.

Nilipanda chumbani nikaikuta daftari ipo wazi kwenye ukurasa niliokuwa nanakili. Kwani mimi nilikuwa nafanya nini kama si hicho?

Jumatatu nikabisha hodi kwa mwalimu. Jueni kwamba huku kumwendea mwalimu si kukosa adabu wala si kujipendekeza; anayeshangaa ni yeye, kwa nini hukuja mapema. Hakutaka hata kuliona daftari langu. Alinipa swali, akaniambia nilifanye pale ubaoni mbele yake, na dakika kumi zikatosha kumwonyesha nilipokwama: fomula zote nilikuwa nazo kichwani, ila sikujua ipi inaingia wapi. Nikaacha kunakili. Zilizobaki zilikuwa siku chache kabla ya mtihani wa mwisho, nikazimaliza kwa kufanya maswali tu.

Timu nayo ilipata wiki tatu. Ule ndio ulikuwa mwaka wa kwanza wa mchujo wa timu 12 wa kumtafuta bingwa wa taifa, bila hivyo sidhani kama timu iliyofungwa mara mbili ingepewa nafasi. Desemba 21 wakaikaribisha Tennessee, usiku, baridi chini ya sifuri. Safari hii mpira ukaenda pembeni kwa Smith tangu mwanzo, na robo ya kwanza ikaisha 21-0. Mwisho 42-17. Siku ya mwaka mpya wakakutana tena na Oregon, waliowafunga Oktoba, wakawa mbele 34-0 kabla ya mapumziko. Pengo la Simmons lilikuwa limezibwa na Donovan Jackson, aliyetolewa nafasi yake ya gadi, yaani mkingaji wa ndani, aliyoizoea miaka yote akahamishiwa ukingoni katikati ya msimu. Kwangu huyo ndiye mchezaji wa mwaka, ingawa wanaogusa mpira ndio wanaoimbwa.

Fainali ilikuwa Januari 20 huko Atlanta, dhidi ya Notre Dame. Niliiangalia kwa majirani zangu Wakongo, ambao kila mchezo uliposimama waliuliza kama ni rafu. Kutoka 31-7 ikawa 31-23, chumba kikanyamaza. Zimebaki dakika chache, kwotabeki, yaani mrusha mpira, Will Howard akatupa mpira mrefu na yule Smith wa mwaka wa kwanza akaudaka, yadi 56. Ikaisha 34-23. Baba mwenye nyumba akauliza sasa kombe wanalibeba na Michigan hawajamfunga? Nikamwambia ndiyo. Akatikisa kichwa, akaenda kuchemsha chai.

Takwimu nilipata B.