Kuku asiye na mwenyewe mtaani: usimshike kwanza

Mtaani kwetu Jang'ombe, mjini Unguja, kuku akionekana anatangatanga huletwa kwangu. Nafuga, nina banda la akiba uani, na watoto wa mtaa wameshalizoea. Wanapiga hodi wamemkumbatia kuku, mdomo wazi anahema, mbawa zimefumuka, na wao wenyewe jasho linawatoka. "Mama, tumeokota kuku kapotea." Mara nyingi hakupotea hata kidogo. Alikuwa kwenye shughuli zake, akakimbizwa vichochoro vitatu mpaka akachoka.

Kwa hiyo neno langu la kwanza ni hili: kuku kuonekana barabarani si dalili ya kupotea. Ng'ambo nzima, Kikwajuni, Miembeni, Magomeni, watu wanafuga kuku wa kienyeji kwa kuwaachia. Wakifunguliwa asubuhi wanashinda jaani, chini ya magari mabovu, nyuma ya vibanda vya chakula, hata kwenye viwanja vya majumba ya Michenzani, na jioni wanarudi kwao. Ukimshika saa nne asubuhi ukampeleka mtaa wa pili kwa nia njema, basi aliyempoteza ni wewe.

Saa ya kumtambua ni baina ya Alasiri na Magharibi. Kuku mwenye kwao wakati huo anaanza kujisogeza. Anadonoa huku anakwenda, kila mara upande ule ule, na adhana ya Magharibi ikitoka yeye ameshaingia. Aliyepotea mwendo wake ni mwengine. Anakwenda hatua chache, anasimama, ananyoosha shingo, anatazama juu ya ukuta, anaruka, anakosa pa kushika, anarudi pale pale. Anawafuata kuku wa watu mpaka mlangoni mwa banda lao, wanamdonoa kichwani, anatoka. Kiza kikianza kuingia utamkuta amesimama katikati ya njia hajui aende wapi. Huyo sasa ndiye wa kusaidiwa. Kaa barazani na kikombe chako cha chai umtazame. Hakuna uchunguzi mwengine unaoushinda huo.

Kuna mtetea mmoja anayewababaisha watu sana. Anatokea mara moja kwa siku, mbio mbio, manyoya kayatimua, anatoa sauti ya kukwaruza, anakula kwa pupa, anakunywa maji, anaacha kinyesi kikubwa kinachonuka kuliko cha kawaida, kisha anatoweka. Watu wanasema "yule kuku hana kwao, tumshike." Hapana. Yule ameatamia mahali: ndani ya jengo lisilomalizika, chini ya mabati, nyuma ya magunia ya mtu. Ukimshika, mayai yanapoa na vifaranga vinafia ndani. Mfuate kwa mbali ujue alipo, kisha mtafute mwenyewe umpashe habari, maana huenda anamhesabu kaliwa na paka. Kuku anaatamia siku 21 tu. Kama mahali alipo si pa hatari, mwache amalize.

Mama mwenye vifaranga vidogo ndiye pekee nisiyemsubiri jioni. Sababu ni kunguru. Hawa wenye shingo ya kijivu waliletwa Unguja kutoka India miaka ya 1890 ili wale taka za mji, na hadi leo mji ni wao. Mama akiwa pahala asipopajua, hana kichaka wala uvungu wa kufichia wanawe, kunguru wawili wanamchezea: mmoja mbele anamchokoza, mwengine nyuma anabeba. Hapo fanya haraka. Usimkimbize mama. Vikusanye vifaranga kimoja kimoja, vitie kwenye boksi au tenga, liweke mlangoni mwa banda tupu. Vikilia, mama anakuja mwenyewe, na anakuja na hasira, kwa hiyo angalia mikono yako.

Ukishahakikisha kuku kapotea, msome kabla ya kuuliza mtu yeyote. Mwili wake una habari nyingi. Tazama miguu: kama juu ya kucha kuna mduara uliochubuka, alifungwa kamba, basi huyu alikuwa njiani kwenda kuuzwa. Wengi wa namna hiyo utawakuta karibu na Darajani, soko lililopo pale tangu 1904, au upande wa Malindi meli za Pemba zinapoteremsha mizigo. Tenga likifunguka kidogo tu, wanatoka. Wiki za kuelekea Ramadhani na Idi wanazidi. Kuku huyo usihangaike kumtangaza mtaani kwako. Mrudishe kwenye safu ya wauza kuku uulize nani tenga lake lilifumuka, wale wanajuana.

Tazama mdomo. Ukiwa umekatwa ncha, huyo ni kuku wa mayai, katoka kwenye mradi wa mtu, na miradi mtaani haifichiki kwa harufu. Akiwa mweupe, mzito, miguu minene, anakwenda hatua tatu anakaa, ni kuku wa nyama. Huyo jua la mchana likimkuta nje anaweza kufa, mpe maji na kivuli kabla ya jengine lolote. Kwa wa kienyeji, angalia alama. Watu hapa wanafunga kipande cha kanga mguuni, wengine wanakata ukucha mmoja, wengine wanawapaka vifaranga rangi. Alama ya mtu usiitoe, hata ikiwa chafu namna gani, maana ndiyo cheti chake.

Nalisema hili kwa sababu ya kitambaa chekundu. Kuku mweusi, au kidimu yule mwenye manyoya ya kujipinda, akionekana njia panda na kitambaa chekundu mguuni, mtaa mzima unamkimbia. "Huyo wa mganga, usimguse." Sikatai kwamba kuku wa rangi fulani huagizwa na waganga, kila mtu hapa anajua. Lakini kitambaa chekundu ndicho kinachoonekana kwa mbali, na ndiyo maana wafugaji wanakipenda. Niliwahi kuletewa mtetea mweusi aliyekaa njia panda mchana kutwa, watu wanampitia mbali wakisoma dua, kumbe mwenyewe anamtafuta huku machozi yanamlenga. Kuku hana kosa. Mchukue.

Kumchukua ni usiku. Mchana atakupandisha kwenye paa la jirani, na kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe ndiyo usijaribu kabisa. Ataruka gofu hadi gofu na wewe utabaki unatazama juu. Mwache atafute pa kulala, kiza kikishika kuku haoni vizuri. Nenda na kanga na tochi ya simu, uimulike chini, si usoni mwake. Mfunike kanga kwa ukimya, mbawa zote mbili ndani, mkumbatie ubavuni. Usimbebe miguu juu kichwa chini kama wanavyobebwa sokoni. Tumeshazoea kuona hivyo, lakini kuku anaumia na anapata tabu ya kuvuta pumzi.

Sasa sehemu ambayo watu hawaisikii: usimtie na kuku wako. Hata kama anaonekana mzima, hata kama ni usiku tu, hata kama unamwonea huruma. Mdondo, ambao wengine wanauita kideri, haubishi hodi. Kuku anaweza kuwa nao siku kadhaa bila kuonesha kitu, na ukiingia kwenye banda lisilochanjwa unaweza kuwafagia karibu wote. Mimi humweka peke yake, mbali na banda, wiki mbili kwa uchache, na nikiweza tatu. Chombo chake cha maji ni chake. Nawalisha wangu kwanza, yeye mwisho, kisha nanawa mikono na kubadilisha ndara. Namtazama: kinyesi cha kijani, kuhema kwa kukoroma, mbawa kuning'inia, shingo kupinda. Nafunua manyoya chini ya mbawa nikitafuta chawa na utitiri, na kuzunguka macho nikitafuta vile viroboto vinavyong'ang'ania ngozi. Beseni la majivu yaliyochanganywa na mchanga mkavu humsaidia kujiogesha mwenyewe.

Chanjo ya mdondo ipo, ni tone moja la jichoni, na hurudiwa kila miezi mitatu. Kichupa kimoja kinatosha kuku wengi, kwa hiyo sisi majirani tunachangiana na kuchanja siku moja. Mchanje mgeni akiwa mzima. Aliyekwisha kuugua chanjo haimponyi.

Na ukimkuta kuku kafa njiani, au wamekufa kadhaa mtaa mmoja kwa wakati mmoja, usimguse kwa mkono mtupu, usimtupe jaani, usimpe paka. Mzike kwa kina na uwape habari watu wa mifugo au sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa. Watoto waambiwe mapema, maana wao ndio wa kwanza kuokota.

Kumtangaza kuna adabu yake. Kosa kubwa naliona kwenye makundi ya simu ya mtaa: mtu anapiga picha nzuri ya kuku, upanga, mkia, mguu na kitambaa chake, anaituma. Dakika tano wenyewe wanne. Sema tu, "Kuku amepatikana, aliyepotelewa aje na alama zake." Mwenye kuku hasemi "mwekundu" akanyamaza. Atakwambia ni kishingo, yule asiye na manyoya shingoni, ana ukucha uliovunjika, anaogopa ndoo, anataga kwenye kapu la nguo. Mwambie sheha, au mtu wa msikitini atangaze baada ya sala, lakini njia ya haraka kuliko zote ni watoto wa chuoni, wanaosoma Kurani. Waambie wakitoka kusoma; kabla ya Isha habari imeshafika nyumba ambazo wewe huzijui.

Wakigombana wawili, usiwe hakimu. Tulikuwa na mtetea kishingo aliyedaiwa na majirani wawili, kila mmoja na mashahidi wake, mpaka ikafika kwa sheha wetu. Akasema muacheni hapo alipoonekana, baada ya Alasiri, na asimfukuze mtu. Tukamfuata kundi zima kimya kimya kama watu wa maziko. Kishingo akapita mlango wa wa kwanza, akapita wa wa pili, akakunja kona, akapanda juu ya mkokoteni mbovu nyuma ya muuza makaa, akajikunyata. Muuza makaa anatoka kushangaa watu, anatuuliza, "Kwani kuku wangu kafanya nini?" Hakuwa hata na habari kwamba alipotea.

Asipopatikana mwenyewe? Hapa usiende kwa matamanio ya sufuria. Kitu cha kuokota kina hukumu zake katika dini, na masheikh wetu wanaeleza kwamba mnyama mdogo kama huyu hutunzwa akisubiriwa mwenyewe, au huuzwa ikawekwa thamani yake, huku anatangazwa. Muda wa kutangaza na gharama za chakula muulize sheikh wa mtaa wako, wala usione haya kwamba ni kuku tu. Mimi huandika kwenye daftari siku aliyokuja, alama zake na mayai aliyotaga, kisha mwenyewe akija tunasomeana. Wengi wanacheka, wananiachia mayai. Mmoja aliyachukua yote na akadai kwamba moja limepungua.

Na hata akihalalika kwako, kumbuka ameshinda jaani anakula kila uchafu. Mfungie siku tatu kwa uchache, chakula kisafi: chenga za mchele, pumba, machicha ya nazi, maji safi. Wazee wetu walifanya hivyo kabla ya kuchinja, na nyama yenyewe inakwambia tofauti.

Akiwa anabaki kufugwa, mfungie ndani ya banda wiki nzima kabla ya kumfungulia, la sivyo atatafuta kule alikotoka na utaanza upya. Muite kwa sauti moja kila unapompa chakula. Siku ya kwanza mfungulie jioni, si asubuhi, tena akiwa na njaa kidogo.

Majogoo ni kesi mbali. Jogoo aliyepotea mjini anawika saa tatu ya usiku kwa sababu ya taa za barabarani, na utamtangaza mpaka uchoke, hakuna anayejitokeza. Wenyewe wanakusikia. Wamefurahi. Miye nikishatimiza wajibu wangu na nikaruhusiwa, humpandisha gari ya shamba akaishi kwa ndugu zangu Makunduchi, huko wana nafasi ya kelele.

Isipokuwa akiwa kuchi. Yule mrefu, shingo ndefu, miguu minene, kifua wazi, bei yake haikaribiani na ya jogoo wa kawaida. Kuchi hutamtangaza. Kabla hujamaliza kumtilia maji mwenyewe yuko mlangoni, na hakuja peke yake.