Maswali na Majibu: Mzoga Uliokakamaa, Nyama Ngumu na Samaki wa Feri

Barua za safari hii, kuanzia Kilwa hadi Newala, karibu zote zinazunguka jambo moja: mnyama akifa kwa nini hukakamaa, na kukakamaa huko kunatuambia nini. Waliouliza kwa mara nyingine kama nyama ya kibudu ikichemshwa sana huwa salama wasome jibu la tatu, kisha wasiniandikie tena juu ya hilo.

SWALI: Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha nne, Nachingwea. Tumefundishwa kwamba msuli hukaza kwa nguvu inayotokana na ATP, kemikali inayobeba nishati ndani ya seli. Mnyama aliyekufa hana nguvu hiyo. Kwa nini basi akakamae badala ya kulegea?

JIBU: Marahaba. Umeuliza vizuri kuliko watu wazima wengi. Kosa liko katika kudhani kwamba nguvu huhitajika katika kukaza tu. Ndani ya msuli mna nyuzi nyembamba za aktini na nyuzi nene za miosini, na vichwa vya miosini hushika aktini, huvuta, huachia na kushika tena mbele kidogo, mfano wa wapiga makasia wanaochovya, kuvuta na kuinua. ATP ndiyo inayokiwezesha kichwa cha miosini kuachia. Ikikosekana, kila kasia hubaki limezama.

Moyo ukisimama, oksijeni haifiki tena msulini, lakini msuli haufi papo hapo. Hutumia kwanza akiba yake ya fosfokreatini, kisha huvunja glikojeni, yaani sukari iliyohifadhiwa msulini, bila oksijeni na kuzalisha asidi ya laktiki, ndiyo maana pH (kipimo cha asidi, ambacho hushuka asidi ikizidi) ya nyama ya ng'ombe hushuka kutoka karibu 7 hadi karibu 5.5. Wakati huo kalsiamu huvuja ndani ya seli na kuchochea vichwa vishike. Akiba ikimalizika, vimeshika na hakuna cha kuviachisha. Uhusiano huu kati ya ugumu wa msuli na kwisha kwa ATP ulionyeshwa mwaka 1943 na T. Erdős, katika maabara ya Albert Szent-Györgyi huko Szeged, Hungaria. Kulegea kunakofuata baadaye hakutokani na vichwa kuachia, kama vitabu vingine vya maswali vinavyodai, bali ni vimeng'enya vya msuli wenyewe, hasa kalpaini, vinavyokatakata viunzi vinavyoshikilia nyuzi hizo. Liandike hivyo katika mtihani.

SWALI: Nimeona nyama ikichezacheza kwenye ndoano ya bucha hapa Lindi mjini. Je, ng'ombe huyo alikuwa hajafa?

JIBU: Alikuwa amekufa. Msuli wake ulikuwa bado una ATP, basi. Kilichopaswa kukushughulisha zaidi ni mhuri wa mkaguzi wa nyama, ambao hukuutaja kabisa.

SWALI: Ng'ombe wetu alikutwa alfajiri amekufa malishoni, wilaya ya Masasi. Miguu yake ilikuwa bado inakunjika, hivyo wazee wakasema amekufa muda ule ule. Wakampitishia kisu na nyama ikagawanywa. Wapo wanaosema ikichemshwa sana haina madhara. Unasemaje?

JIBU: Nasema mlicheza na mauti, na wazee hao, kwa heshima zao zote, walikisoma kinyume kile walichokiona.

Ng'ombe aliyekufa kwa kawaida huanza kukakamaa kati ya saa 6 na 12 baada ya kufa, lakini muda huo haukai mahali pamoja. Joto huuharakisha. Mnyama aliyekufa baada ya kukimbizwa au kuhangaika sana hukakamaa mapema kwa kuwa akiba yake iliisha angali hai, na hulegea mapema pia. Kwa hiyo mguu unaokunjika unaweza kuwa wa mnyama ambaye hajaanza kukakamaa, au wa yule aliyekwisha kukakamaa na sasa anaelekea kuoza, au wa mnyama ambaye hatakakamaa ipasavyo kwa sababu ya ugonjwa uliomuua. Nao ugonjwa wa mwisho huo unajulikana: kimeta. Mzoga wa kimeta mara nyingi haukakamai au hukakamaa nusunusu, huvimba upesi, na damu nyeusi isiyoganda hutoka puani, mdomoni na katika njia ya haja. Ule ulaini mlioufanya kuwa dhamana ni miongoni mwa dalili ambazo mkaguzi huziogopa, ingawa dalili zote si lazima zionekane kwa kila mnyama.

Mzoga wa aina hiyo haupasuliwi hata na daktari, kwa sababu bakteria wa kimeta wakikutana na hewa hujigeuza kuwa spora ngumu zinazoweza kuishi katika udongo kwa miongo mingi, zikisubiri mfugo mwingine. Habari ya kuchemsha haiwafai kitu wale walioshika kisu, wakachuna ngozi na kubeba mapande mabegani, kwani wao wamekwisha kuguswa kabla sufuria haijainjikwa. Tena spora hizo huvumilia moto wa mapishi ya kawaida kuliko mnavyodhani. Yeyote aliyegusa au kula nyama hiyo aende hospitali leo, asisubiri kidonda chenye kigaga cheusi, na amweleze daktari waziwazi alichokula. Dawa za antibayotiki hufaa zaidi zikiwahi.

Safari nyingine mzoga uacheni ulipo, zuieni mbwa na watoto, mwiteni afisa mifugo, na uchomwe au ufukiwe kirefu chini ya usimamizi wake. Na kumpitishia kisu mnyama aliyekwisha kufa si kuchinja, kwa dini wala kwa afya: moyo umesimama, damu haitoki, inabaki nyamani. Niongeze ambalo hamkuliuliza. Ng'ombe wameongezeka sana kusini, hasa mkoani Lindi, tangu wafugaji walipohamishwa kutoka bonde la Usangu mwaka 2006 na 2007, lakini kwa maoni yangu ukaguzi wa nyama vijijini haujaongezeka kwa kasi hiyo. Halmashauri zinazokusanya ushuru wa mnada bila kumpatia mkaguzi hata pikipiki zisishangae.

SWALI: Tulichinja ng'ombe wa harusi asubuhi hapa Mikindani, tukaanza kupika baada ya adhuhuri. Nyama ilikuwa ngumu na wapishi wakalaumiwa.

JIBU: Mliitia jikoni wakati inaanza kukakamaa, na nyama inayopikwa katika hali hiyo ndiyo ngumu kuliko zote. Mwenye chumba cha baridi achinje siku moja au mbili kabla. Asiye nacho apike mara baada ya kuchinja, kwa moto mdogo na muda mrefu. Vilevile ulizeni huyo ng'ombe alifikaje. Mnyama aliyeswagwa mbali na kuchapwa fimbo hadi machinjioni humaliza glikojeni yake njiani. Asidi haipatikani ya kutosha, pH hubaki juu ya 6, na nyama huwa nyeusi, yenye kunata, na huharibika upesi. Mpeni maji na usiku mmoja wa kupumzika. Wapishi waombwe radhi.

SWALI: Mimi huweka nyama kwenye friza mara tu ikichinjwa ili isikakamae. Nafanya vizuri? (Newala)

JIBU: Hapana. Nyama ikipoa chini ya nyuzijoto 10 za Selsiasi kabla haijakakamaa, misuli hujikunja kupita kiasi na nyama huwa ngumu moja kwa moja. Locker na Hagyard walilieleza jambo hili huko New Zealand mwaka 1963. Iache saa kadhaa kwenye ubaridi wa kiasi, ndipo uigandishe.

SWALI: Pale Feri, soko la samaki la Mtwara, wachuuzi husema samaki mgumu ndiye mbichi. Ni kweli?

JIBU: Kwa sehemu kubwa ni kweli, kwani samaki aliyekakamaa hajakaa muda mrefu tangu afe. Lakini samaki aliyelegea baada ya hapo, kama aliwekwa barafu tangu baharini, bado ni chakula kizuri kwa siku kadhaa, na samaki mgumu kwa kugandishwa anaweza kuwa alioza kabla ya kugandishwa. Tazama macho na mashavu, kisha nusa. Aliyepigana sana wavuni na kuachwa juani hukakamaa haraka na kwa nguvu hadi minofu ikachanika. Aliyepinda usimnyoshe kwa mikono, utaichana wewe. Ukimkuta laini, uti wa mgongo umevunjika na tumbo limejaa damu, huenda ni wa baruti, na anayemnunua anamlipa mvunja miamba. Kwa jodari na vibua ongeza tahadhari: wakikaa kwenye joto, bakteria hutengeneza histamini, kemikali inayodhuru mlaji, ndani ya minofu, na hiyo haiondoki kwa kupikwa wala kwa ndimu.

SWALI: Kumpiga pweza juu ya jiwe kunaondoa kukakamaa kwake? (Songosongo)

JIBU: Ugumu wa pweza hutokana zaidi na kolajeni, yaani nyuzi za protini zinazounganisha nyama, iliyosukwa ndani ya minofu yake. Kumpiga hupasua nyuzi hizo, na kumchemsha taratibu huzilainisha. Endeleeni kumpiga, ila juu ya jiwe safi, maana pweza wa mchanga nimekwisha kumla vya kutosha.