Kwa Gari la Vitanda hadi Rodeo ya Cheyenne

SWALI: Mhariri, Julai tutamtembelea kaka yangu Denver, Marekani, naye anataka tukodi gari lenye vitanda na jiko twende kwenye rodeo, yaani mashindano ya kupanda farasi na fahali wakali, katika mji wa Cheyenne, jimbo la Wyoming. Tujiandae vipi? Msomaji, Chumbageni, Tanga.

JIBU: Dada yangu, mahali pa kuegesha na kulala pawekewe nafasi miezi kadhaa kabla, kwani mashindano hayo, yaliyoanza mwaka 1897, hufanyika mwishoni mwa Julai na wageni ni wengi mno. Cheyenne iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, hivyo ninyi mliozoea hewa ya pwani mpumzike siku ya kwanza na mnywe maji ya kutosha. Alasiri mvua ya mawe huweza kuja ghafla. Msiondoke kwenda uwanjani kabla ya kukunja turubai la kivuli ubavuni mwa gari, maana upepo hulipasua. Usukani ashike kaka, kwa kuwa huko magari hupita upande wa kulia wa barabara.