Re: Hilux yangu imelala mbele kushoto, nizungushe ringi gari likiwa chini?

Hapana ndugu, usijaribu. Ukizungusha ringi (si ya tairi, ni ile pete ya kwenye shokapu inayokaliwa na springi, ya kurekebisha urefu wa gari) wakati springi imebeba uzito wa gari utakula hesi (mistari ya skrubu), na ikishaliwa unanunua shokapu nzima. Piga jeki kwenye chesisi, weka stendi, toa tairi, acha mkono (ule wa chini unaoshika gurudumu) uning'inie.

Kabla ya hapo pima kwa futi, kutoka katikati ya habu hadi ukingo wa fenda, pande zote mbili, gari likiwa sakafu ya sawasawa. Wengi hupima kutoka chini, kumbe tairi moja ina upepo pungufu.

Kisha piga hesi brashi ya waya. Vumbi jekundu la huku kwetu likichanganyika na mvua hugandamana humo kama saruji. Mimi nilikuwa natoka Gulu, nikazungusha bila kusafisha. Ringi ikagoma katikati, nikaishia Kisekka, soko la spea Kampala, kutafuta nyingine. Safisha, paka oili, weka alama ya rangi, legeza nati ya kufungia, ndipo uzungushe ukihesabu mizunguko.

Umesema tofauti ni sentimita 2. Usipandishe ringi sentimita 2! Shokapu imeshika katikati ya mkono, kwa hiyo sentimita 1 tu kwenye ringi hutoa karibu 2 kwenye tairi. Ukizidisha, springi inakuwa ngumu, shokapu inagonga mwisho wake kila tuta, na raba za draivushafti zinachanika.

Shusha, endesha kidogo springi itulie, pima tena. Alaimenti ni lazima baadaye, na taa za mbele zitazame pia.