Bolti iliyokatikia kwenye silinda hedi

Mkuu, umesema bolti ya manifoldi ya egzosi (bomba linalokusanya moshi wa injini) imekatikia kwenye hedi ya aluminiamu, yaani kifuniko cha juu cha injini, na fundi anataka kupiga drili leo leo. Mzuie kwanza. Kama kipande kimechomoza hata kidogo, chomoa terminali za betri, kisha wekeni nati juu yake na mchomelee kupitia tundu la nati. Iache ipoe kidogo, ndipo uzungushe kwa spana, mbele na nyuma, polepole. Joto lile ndilo linaloachanisha kutu. Nati ni ya kushikia tu.

Ikiwa kimekatikia ndani, mwagia mafuta ya kulegeza kutu, ulale. Kesho piga alama kwa panchi katikati kabisa, anza na biti ya milimita 3. Ukienda kombo, biti itakimbilia aluminiamu kwa sababu ni laini kuliko chuma. Zile ekstrakta (vyuma vya kung'olea bolti iliyokatika) za bei ya kutupa za Kirinyaga Road, Nairobi, siziamini: ekstrakta ikikatikia humo, biti ya kawaida haiitoboi ng'o!

Nyuzi za tundu la bolti zikiharibika, usinunue hedi nyingine. Peleka Industrial Area, mafundi wa huko watakuwekea helikoili, yaani nyuzi mpya za waya ndani ya tundu.