Muulize Mwalimu: Naitwa kutafsiri, kisha naambiwa nitapunguzwa

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nafundisha darasa la pili katika mji mmoja wa Marekani, huu mwaka wangu wa pili. Mwafrika ni mimi peke yangu. Mzazi Mkongo akifika ofisini naitwa nikatafsiri, bila malipo. Juzi niliwaacha watoto wakibandika karatasi. Niliporudi gundi ilikuwa imetapakaa meza nzima. Sasa tunasikia walimu watapunguzwa, wakianza na wageni kazini. Niondoke?
Mama Neema

JIBU: Marahaba mwanangu. Hiyo gundi imeniuma. Nimesomesha miaka 30, najua darasa ulilolikatiza hulipati tena siku hiyo. Kutafsiri ni kazi ya pili, na kazi hulipwa. Andika kila unapoitwa: tarehe, saa, dakika. Mpe mkuu wa shule nakala, na chama cha walimu nakala.

Kanuni ya aliyeingia mwisho kutoka kwanza huwaumiza zaidi walimu Weusi na wahamiaji pale ambapo wengi wao wameajiriwa karibuni. Ni kidonda cha zamani: baada ya hukumu ya Brown ya 1954, ambapo Mahakama Kuu ya Marekani ilikataza kuwatenga wanafunzi Weusi na Weupe shuleni, shule za Weusi zilipofungwa kusini mwa Marekani, maelfu ya walimu wao walipoteza kazi. Lakini katika mji wa Minneapolis, hukohuko Marekani, baada ya mgomo wa Machi 2022, walimu walipata kifungu cha mkataba cha kuwakinga wenzao wa makundi yenye walimu wachache. Kimepingwa mahakamani, ila kiliandikwa. Ulizia mkataba wenu unasemaje.

Usiondoke kabla hujapewa barua. Na yule mzazi Mkongo, mwombe aje kikao cha wazazi aseme mwenyewe unamsaidiaje.